Friji ya Nyota Tano

Tangu kanuni za mwaka 2016, friji mpya inayouzwa Kenya inatakiwa kuwa na lebo ya nyota, moja hadi tano: nyota zikizidi, umeme unaoliwa unapungua. Jambo jema, nani atalipinga? Hebu basi nenda Luthuli Avenue, Nairobi, ukaulize.

"Hii ina nyota ngapi, kaka?"

"Madam, hii ni orijino! Inagandisha mpaka wivu."

Lebo ipo, usimsingizie. Imefunikwa tu na karatasi nyekundu ya "bei ya ofa".

Mwenye mfuko mwepesi huishia kwenye friji ya mtumba iliyokwisha kustaafu Ulaya. Mpira wa mlango umechoka, mlango umefungwa kwa kamba ya manila, na usiku mashine inakoroma kama mjomba aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka. Nyota zake, kama iliwahi kuwa nazo, zilibaki huko huko.

Mtaani kwetu lakini hatuna wasiwasi. Umeme ukikatika Ijumaa jioni hurudi Jumapili, na kwa siku hizo mbili hata friji ya mtumba haili uniti hata moja. Wakaguzi waje wapime, ila wasije na nyama.