Bwana Jela wa Minnesota

Habari ilifika Tanga ikiwa imeshaharibika. Shangazi alipiga simu Minneapolis kumjulia hali mwandishi wenu, akauliza siku za Jumamosi huwa anafanya nini. Akajibiwa kwa majivuno kwamba kijana sasa ni Dungeon Master. Shangazi akataka tafsiri. Tafsiri ya haraka haraka ikatoka "Bwana Jela". Kesho yake ukoo mzima, kuanzia Ngamiani hadi Muheza, ulijua kuwa mtoto wao ameajiriwa magereza na serikali ya Marekani, na wiki haikwisha kabla binamu wawili hawajaomba wafanyiwe mpango.

Kazi yenyewe haina sare wala mshahara. Bwana Jela hukaa kichwani mwa meza, nyuma ya kadibodi inayoficha maandishi yake, akawasimulia wenzake watano au sita mahali walipo: pango, mlango wa chuma, harufu ya moshi. Kila mchezaji ana mhusika wake, awe mwizi, mchawi au mpiga panga, na mchezaji ndiye anayeamua huyo mhusika afanye nini. Jambo likiwa la mashaka hurushwa dadu ya pande 20, ikaongezwa namba ya ujuzi wa mhusika. Jumla ikifika kiwango kilichowekwa, jambo limefaulu. Basi. Kilichobaki ni maneno, na mtu wa Tanga maneno hayamshindi. Ndivyo alivyojidanganya.

Mchezo huu una asili katika eneo hilo hilo analoishi mwandishi wenu. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, David Wesely aliwaandalia wenzake mchezo wa vita. Badala ya kumpa kila mtu jeshi, alimpa kila mtu nafasi ya mtu mmoja katika mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein. Wachezaji wakatawanyika. Huyu anamnong'oneza yule, wengine wanapanga njama pembeni, na vita vilivyoandaliwa havikuonekana. Wesely aliona mchezo wake umeharibika; wachezaji wakamwomba aurudie. Mmoja wao, Dave Arneson, aliendelea na wazo hilo akaunda nchi yake ya Blackmoor, kisha akaungana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin. Mwaka 1974 ikatoka Dungeons & Dragons: vijitabu 3 ndani ya boksi, toleo la kwanza nakala 1,000. Mwandishi wenu alikuwa ameisoma habari ya Wesely mapema kabisa. Aliicheka, asijue anajicheka mwenyewe.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa Januari, nje barafu inalia chini ya viatu. Wageni walikuwa watatu: nesi Mkenya aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, dereva wa lori Mmarekani mwenye mabega ya kabati, na mwanafunzi wa chuo aliyekuja na penseli sita. Hakuna kati yao aliyewahi kucheza. Mwenyeji aliwakaribisha kama alivyofunzwa nyumbani: viatu mlangoni, mikono ioshwe, pilau mezani. Akasahau kwamba pilau na karatasi za wahusika haziishi nyumba moja. Saa moja haijapita, mchawi wa mwanafunzi hasomeki, amezama katika mafuta ya binzari nyembamba.

Mwenyeji akafungua kwa sauti ya bibi yake: "Paukwa!"

Kimya. Dereva, mtu wa kanisa, akaona si adabu kumwacha mwenzake hewani. Akasema, "Amina."

Yakafuata maandishi. Mwandishi wenu alikuwa ameandika kurasa 14 za historia ya ufalme, zenye wafalme tisa na ndoa zao, akazisoma zote kwa dakika arobaini. Alipoinua macho, nesi alikuwa amelala, shavu juu ya karatasi yake ya mhusika. Alipoamka, namba 16, ambayo ndiyo nguvu za shujaa wake, ilikuwa imejichapa shavuni kinyumenyume kwa risasi ya penseli. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Alikwenda nayo hadi kituo cha basi.

Hata hivyo kosa kubwa la usiku ule halikuwa wafalme. Lilikuwa dadu. Seti ya kawaida ina dadu saba, nazo hazifanani: ya pande 4, ya 6, ya 8, mbili za 10, ya 12 na ya 20. Kwa mtu mzoefu ni kama vijiko na uma; kwa mgeni ni kokoto za mganga. Nesi aliambiwa arushe ya 20, akaokota ya 12. Akasahihishwa. Akaokota ya 8. Akasahihishwa tena, mbele za watu, na mwenyeji anayecheka kwa wema. Mara ya nne alitia mikono chini ya meza na kusema mhusika wake anapumzika. Mwanamke huyu kazini hupima dozi za dawa saa tisa za usiku bila kukosea, na hapa amefanywa ajione mjinga kwa kipande cha plastiki.

Tangu siku hiyo kila mgeni hukuta mbele yake dadu moja tu, ya pande 20. Nyingine hukaa kwenye bakuli na huitwa kwa sura zake. Ile ya pande 4, yenye ncha, inaitwa sambusa.

Sambusa ndiyo iliyopotea kwenye zulia wiki ya pili. Dereva ndiye aliyeipata, kwa kisigino, akiwa na soksi. Kelele yake ilimleta jirani wa juu.

Ikaja Jumamosi ya Dread, mchezo wa kutisha usiotumia dadu. Mhusika akijaribu jambo la hatari, mchezaji huchomoa kipande katika mnara wa Jenga, na ukimwangukia, mhusika wake ametoka hadithini. Hapo mwandishi wenu aliona siku yake imefika. Akasimama kuwaeleza kuwa jina lile ni la kwao. Kwamba Leslie Scott, mwanamke aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika, alilichukua kwenye kitenzi kujenga na kuuzindua mchezo wake London mwaka 1983. Kwamba "jenga" peke yake ni amri. Katika kuonyesha amri ile kwa mkono, akaupiga mnara. Wachezaji walijadiliana kidogo, wakapiga kura, wakatoa hukumu: aliyefariki ni msimulizi.

Dereva yule, anayekatiza dhoruba za theluji na tani za mizigo, anaogopa buibui. Hilo lilijulikana baada ya mwenyeji kumpamba buibui kwa sentensi sita na dereva kutoka nje "kuangalia lori" ambalo siku hiyo hakuja nalo. Dawa yake ipo. Mmarekani John Stavropoulos alibuni kadi yenye alama ya X ikaayo katikati ya meza: yeyote akiigusa, jambo lililoletwa linaondolewa, na haulizwi kwa nini. Wiki iliyofuata dereva aliigusa na buibui akageuka kaa papo hapo. Nesi akauliza kama nazi inapatikana pangoni.

Nesi huyo ndiye aliyeuzika mpango wa wiki tatu. Pangoni kulikuwa na kibwengo mlinzi, aliyewekwa pale auawe ili funguo zipatikane. Yeye akataka kujua kwa nini kibwengo anachechemea. Mwenyeji hakuwa ameandika kwamba anachechemea, lilimponyoka tu. Nesi akatangaza kuwa anakagua kidonda. Hapo ndipo Wesely na Braunstein yake walipomjia mwandishi wenu kichwani. Akazifunika kurasa zake, akauliza, "Haya dada, unafanyaje?" kisha, jambo gumu kuliko yote kwa mtu wa Tanga, akanyamaza.

Dadu ikatoka 20. Jirani wa juu alishuka tena. Kibwengo sasa anasafiri na kundi, anabadilishwa bandeji kila kambi, na ana maneno mengi kuliko mtu yeyote mezani isipokuwa mmoja. Nesi anashika pia orodha ya zamu za vita. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.

Wakisikia "Paukwa" wote hujibu "Pakawa", na dereva huongeza "Amina" yake. Shangazi bado anaombea kazi ya magereza. Viti ni sita, kimoja kiko wazi Jumamosi hii, na pilau siku hizi huliwa kabla karatasi hazijatolewa. Sambusa imepotea tena. Ukifika, usivue viatu.