Kichwa Changu si Kibaraza: Mwongozo kwa Wenye Kipandauso na Washauri Wao

Mwongozo huu ni wa watu wa Bagamoyo, na wa wenzetu wa Mlingotini, Zinga, Kerege, Mapinga mpaka Bunju, ambao kila baada ya siku kadhaa upande mmoja wa kichwa huanza kugonga, jicho likauma, tumbo likachafuka, na mwanga wa dirishani ukawa haustahimiliki. Ni wa majirani zao pia, tena ndio nitakaoanza nao. Pwani hii mgonjwa wa kipandauso hauguzwi na mtu mmoja. Anauguzwa na mtaa mzima, na mtaa mzima una sauti.

Basi jirani, ukisikia mwenzio kalala na kichwa, nenda kamjulie hali. Ni ada yetu, na ni ada njema. Ila hodi piga moja, tena ya chini. Ile ya dalali wa samaki iache sokoni. Ukikaribishwa ingia peke yako, wale wengine watano wabaki barazani, na redio izimwe. Usiwashe taa ili umwone vizuri, kwani kuonekana hakumpunguzii maumivu. Usimshike kichwa ukakitikisa huku ukimuuliza kama panapouma ni hapa au hapa. Na kama umejipulizia marashi ya harusini, salamu ipitishie mlangoni. Kipandauso kikishampanda mtu, pua yake hunusa hata kisichonusika, na harufu nzuri humtapisha sawasawa na ya mafuta yaliyokaangiwa samaki tangu juzi.

Hapo tumefika kwenye chetezo. Shangazi zangu wa mji huu wana imani kubwa na udi na ubani, na mimi nyumba inayonukia udi naipenda. Lakini chumba cha mwenye kipandauso si mahali pake siku hiyo. Shangazi, kipeleke chetezo sebuleni, fukiza nguo za Ijumaa, na mwanao muombee dua. Dua haihitaji moshi.

Kanga ya kufunga kichwani endelea nayo, wengi hupata nafuu kichwa kikibanwa, na kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso kinasaidia kweli. Wembe wa kuchanjia chale, hapana. Kichwa kitaendelea kuuma vilevile, na wembe uliopita kwa mwingine unaweza kumwachia homa ya ini au virusi vya Ukimwi, magonjwa ambayo hakuja nayo. Funga dirisha, mwekee ndoo ya kutapikia na maji ya kunywa, watoto wapeleke nyumba ya pili, kisha ondoka. Ukitimiza hayo tu, umemfanyia wema kuliko wote waliopita barazani siku hiyo.

Sasa kuna ushauri mmoja ambao lazima niupinge, kwa kuwa unarudiwa kila nyumba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, pole. Hiyo malaria imekupanda kichwani. Umekunywa mseto?"

Shangazi hakosei kuiogopa malaria. Hapahapa Bagamoyo, katika kituo cha Ifakara Health Institute, watoto wetu walishiriki majaribio ya chanjo za malaria za RTS,S na R21, zile ambazo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuzipendekeza mwaka 2021 na 2023. Sisi tunaijua malaria kwa jina na kwa makaburi. Lakini malaria inapimwa. Kidole kinatobolewa, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, na ndani ya robo saa hivi jibu limetoka. Homa ikiwapo, kapime leo, usingoje kesho. Lakini kama kipimo kimesema hakuna, mwili hauna joto, na kichwa hiki kimekuwa kikija vilevile kwa miaka, upande mmoja, pamoja na kichefuchefu, kikikaa kuanzia saa 4 mpaka hata saa 72 kisha kikaondoka chenyewe, basi dawa mseto haina kazi hapo. Kipandauso ni ugonjwa kamili unaojitegemea. Hakikuletwa na presha (ipime, ni vyema, ila presha iliyopanda kidogo kwa kawaida haiumizi kichwa), na hakikuletwa na jini. Ni ubongo uliozaliwa na hisia kali, mara nyingi kwa kurithi, na dunia nzima wenye ubongo huo wanapita watu bilioni moja. Wanawake ni kama mara mbili mpaka tatu ya wanaume.

Wanaosema kwamba ni maradhi ya Wazungu na watu wa ofisini, wapelekeni Haydom, mkoani Manyara. Watafiti walipita huko nyumba kwa nyumba vijijini, wakahoji watu zaidi ya 7,000, na wakakuta kwamba kati ya kila watu 100, wapatao 4 walikuwa wameugua kipandauso ndani ya mwaka mmoja. Hao ni wakulima na wafugaji.

Kuna vichwa, hata hivyo, visivyokaa kwenye mwongozo wowote. Kichwa kilicholipuka ghafla, kikafika kileleni ndani ya dakika moja; kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa; kichwa kilichokuja na mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kupotea; kichwa kikali cha mama mjamzito aliyevimba uso na mikono; kichwa baada ya kuanguka kwenye bodaboda; kichwa kipya kabisa kwa mtu aliyepita miaka 50. Hapo ushauri wa barazani unakoma. Tafuteni gari, mpelekeni hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Wewe mwenyewe mgonjwa, nakuja kwako. Ubongo wako hauchukii kitu kama unavyochukia mabadiliko. Kulala mno unaukera, kukesha unaukera. Kula kwa kuchelewa, kuacha kahawa uliyoizoea, siku za hedhi zinazokaribia, vyote vinauamsha. Kwa hiyo kinga yako ya kwanza ni kuishi kwa ratiba: kulala saa ileile, kuamka saa ileile, Jumapili ikiwamo, na kifungua kinywa kisirukwe. Najua ushauri huu haupendezi katika mji ambao shughuli za harusi huanza watu wengine wakilala. Hudhuria, cheza, kula pilau, ukiona saa yako imefika aga. Bibi harusi hatakuhesabu.

Mwanga wa pwani yetu ni habari nyingine. Nenda mashamba ya chumvi ya Nunge saa saba mchana, jua la kaskazi likiwa utosini. Kila jaruba lina maji ya kina kifupi, na kingoni chumvi imeshaganda, nyeupe tupu. Mfanyakazi anaikusanya kwa reki, akiinama, na kofia yake pana imemkinga vizuri na jua la juu. Lakini jua linalomuumiza linatoka chini. Linagonga chumvi, linagonga maji, linapanda moja kwa moja chini ya ukingo wa kofia na kuingia machoni. Anakunja uso kutwa nzima, na jioni kichwa kinamdai. Kwa kazi hiyo kofia haitoshi, inatakiwa miwani ya jua, na mwajiri anayenunua mabuti na reki aihesabu miwani hiyo kuwa kifaa cha kazi. Wavuvi wa dagaa nao wanaokodolea taa usiku wakae wakiipa mgongo taa kila kazi inaporuhusu.

Wakulima wa mwani wa Mlingotini wana balaa mbili kwa pamoja. Wakati wa bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na mwani haufungwi wala kuvunwa ila maji yakiwa yamekupwa. Maana yake ni kwamba kazi yao inaangukia palepale jua linapokuwa kali, na wengi hutoka nyumbani bila kutia kitu tumboni kwa kuwahi maji. Mama, bahari haitakusubiri, kweli, lakini uji unaweza kupikwa kabla. Kunywa bakuli zima, funga na muhogo kwenye kanga, chukua chupa ya maji ya kunywa, na ukisikia dalili panda pwani kabla hujaanza kutapika. Dalili ni hizi: miayo isiyo na usingizi, shingo kukaza, hasira isiyo na sababu. Takribani mgonjwa mmoja kati ya watano huona pia vimulimuli na mistari ya msumeno inayotanuka machoni kwa muda usiozidi saa moja, kisha ndipo kichwa kinapiga.

Kwa tamasha la sanaa la Bagamoyo, ambalo wasanii wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, wamelifanya kuwa fahari ya mji huu tangu miaka ya 1980, msimamo wangu ni kwamba mgonjwa aende. Maisha ya kujifungia yanatia huzuni, na huzuni nayo inaleta kichwa. Kaa mbali na spika, upande unaotoka upepo, kula kabla ya kwenda, na tafuta mahali pa kutokea kwa urahisi. Ngoma ya ngozi wengi huistahimili vizuri kuliko spika lililofunguliwa mpaka mwisho.

Ramadhani inataka maandalizi ya mapema. Kichwa cha siku za mwanzo mara nyingi huletwa na kahawa iliyokatwa ghafla, kiu, usingizi uliovunjika na njaa, vyote kwa mpigo. Mnywaji wa kahawa ya kibarazani aanze kupunguza vikombe tangu Shaabani, kidogo kidogo, mpaka abaki na kimoja. Daku usiliache, na lisiwe la chai peke yake. Maji yagawanye usiku kucha badala ya kuyamiminia yote kwenye futari. Mwenye kipandauso cha mara kwa mara amwone daktari kabla mwezi haujaandama, apangiwe dawa ya kunywa usiku. Na kichwa kikikuzidi mchana, dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Wala watu wa nyumbani wasimtazame kwa jicho la kumshuku.

Dawa ya maumivu ina wakati wake, na wakati huo ni mwanzoni. Ikimezwa kipandauso kinapoanza, inafanya kazi. Ikimezwa baada ya saa tano za kuvumilia, tumbo limeshazubaa na dawa inakaa tu. Mtu mzima asiye na katazo anaweza kumeza panadol mbili za miligramu 500, au ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, isipokuwa kama ana vidonda vya tumbo au ni mjamzito. Usizidishe siku mbili kwa wiki. Hili naliomba kwa moyo wote, kwa kuwa naona watu wanavyonunua vidonge viwili viwili duka la dawa muhimu kila asubuhi, wakivimeza na chai. Panadol, aspirini au ibuprofeni ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa yenyewe inageuka kuwa chanzo cha kichwa. Kwa vile vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini, siku 10 zinatosha kukufikisha huko. Muuza duka anayekuona kila siku ana wajibu wa kukuambia hivyo.

Kama unaugua siku nne au zaidi kwa mwezi, nunua daftari la shule. Andika tarehe, saa kilipoanza, ulikula nini na lini, ulilala vipi, hedhi, dawa uliyomeza. Baada ya miezi miwili lipeleke hospitali ya wilaya uombe dawa ya kinga. Zipo za siku nyingi, propranolol na amitriptyline, humezwa kila siku hata kichwa kisipouma, kwa dozi ndogo inayopandishwa polepole. Mwenye pumu aseme mapema, propranolol haimfai. Wiki mbili za kwanza hutaona kitu. Zipe miezi miwili mpaka mitatu kabla ya kuzihukumu. Na dada unayeona ile mistari ya msumeno, ukienda kliniki ya uzazi wa mpango mwambie nesi kabla hajakupa vidonge vya majira. Vile vyenye estrojeni, pamoja na kipandauso cha aina yako, vinaongeza hatari ya kiharusi. Zipo njia zisizo na homoni hiyo, kitanzi kikiwamo.