Vyaelea? Viacheni Vielee

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Wakaishia hapo. Hawakusema ukiona vyaelea panga foleni, lipa kiingilio, vaa kitambulisho shingoni, uonyeshwe msumari mmoja mmoja. Hayo yameongezwa na watu wa London, na wanayatoza kwa pauni.

Siku hizi hakuna kitu unachoachiwa ukifurahie tu. Filamu ikiisha, unaletewa nyingine ya kukuonyesha jinsi ile ya kwanza ilivyotengenezwa. Mkahawa unabomoa ukuta ili umwone mpishi akitoka jasho. Na kumbi za West End, zile zinazoonyesha michezo ya muziki mara nane kwa wiki, baadhi yake zimeona asubuhi zinakaa bure, zikabuni ziara za kupelekwa nyuma ya jukwaa.

Mimi sikuwa na hamu ya kwenda nyuma ya chochote. Mwenye hamu ni binti wa dada yangu, muuguzi huko London, aliyetualika mimi na mke wangu, Mama Salma. Akatukatia tiketi za ziara asubuhi, na za onyesho usiku katika ukumbi mwingine. “Mjomba,” akasema, “ukishaona ya nyuma, utafurahia zaidi ya mbele.” Mtoto akikulipia nauli nzima na chakula, humbishii.

Ukumbi wa ziara sitautaja. Viza nitaihitaji tena.

Mbele una nguzo nene na nakshi za dhahabu. Sisi tukapitishwa uchochoroni, kando ya mapipa ya taka, kwenye mlango ambao kwetu ungepitisha magunia ya mkaa. Ndani, kijana wa kutuongoza alikuwa amevaa nyeusi juu hadi chini, kwa sababu wafanyakazi wa nyuma hawatakiwi kuonekana. Taa za huko nazo ni za buluu, hafifu, ili mwanga usivuje jukwaani. Sakafuni wamebandika vipande vya utepe unaong’aa gizani, mwigizaji asije akapitiliza akatumbukia kwa wapiga fidla. Kwa hiyo nimelipa nione, nikawekwa gizani, nikiongozwa na mtu asiyetakiwa kuonekana.

Kisha likaja somo la miiko. Usipige mluzi. Usitaje jina la Macbeth. Nikamuuliza kisa cha mluzi, akasema zamani kamba za kupandisha na kushusha mapazia zilishikwa na mabaharia waliopeana ishara kwa miluzi. Ukipiga wako wa kujifurahisha, mtu huko juu anakuangushia ukuta wa ngome kichwani. Bibi yangu alinikataza mluzi usiku kwa sababu nitaita nyoka, watu wakaandika kwamba sisi ni washirikina. Huku ni urithi wa taifa, na una tiketi.

Pazia la chuma sikulicheka. Ni zito, hushushwa kutenga jukwaa na watazamaji moto ukizuka, na kila onyesho sharti lishushwe watu walione linafanya kazi. Mwaka 1887 ukumbi wa mji wa Exeter uliungua, wakafa watu 186, na baada ya hapo Waingereza wakaacha mzaha na moto. Kabla ya hapo mzaha ulikuwepo: ukumbi wa Drury Lane ulipoungua mwaka 1809, inasimuliwa kwamba mwenye ukumbi huo, Sheridan, alikaa jirani akinywa kinywaji chake, na alipoulizwa akajibu kuwa mtu ana haki ya kunywa mbele ya moto wa nyumbani kwake. Huyo ndiye ningekubali anitembeze.

Tulipofika chumba cha maleba ndipo ziara ilipoharibika. Kulikuwa na koti la kijenerali lenye shanga na nyuzi za dhahabu, kola imeliwa na jasho. Nguo kama hiyo, kijana akatuambia, haiwezi kufuliwa kila siku; ikifuliwa, inakufa. Basi usiku ukiisha wanaipulizia vodka iliyochanganywa na maji, iue harufu. Akachukua chupa akapuliza kwapani mwa koti, pss, pss, kwa mapenzi makubwa. Mama Salma akarudi nyuma hatua kadhaa huku akivuta mtandio puani. Muda si mrefu tukafika kwenye meza ya vifaa, penye chupa na bilauri za ile sehemu ya ulevi. Nikauliza kilichomo. Chai, iliyopoa.

Yaani pombe halisi inanyweshwa makoti, na mwigizaji anapewa chai.

Karibu na hapo palikuwa na shati. Mbele lina vifungo vilivyoshonwa vizuri, ila havifungi kitu. Chini yake ni utepe wa kubandika, ili mtu alichane na kuvaa jingine gizani kabla wimbo haujafika ubeti wa pili. Sawa. Lakini fundi wa sauti akaona atuonyeshe na ya kwake. Kipaza sauti, akasema, hufichwa kwenye nywele, pale zinapoanzia kwenye paji la uso, na waya hushuka chini ya wigi mpaka kwenye kisanduku kinachofungwa kiunoni. Jasho likiingia kisandukuni, sauti inakatika. Kwa hiyo wanakivisha, akafungua droo, akatoa pakiti, kile kitu kinachogawiwa bure kwenye zahanati zetu na ambacho bango lake huwa nalipita nikiangalia upande wa pili.

Mpwa wangu akaangalia dari. Mimi nikaangalia viatu. Mama Salma, asiyejua Kiingereza cha haraka, akaniuliza kwa sauti, “Amesema wanakivisha nini?” Nikamwambia soksi.

Mwisho tukaonyeshwa meza ya meneja wa jukwaa. Huyu ana kitabu chenye kila wimbo na kila hatua, kifaa cha kusikilizia kichwani, na taa, pazia na ukuta vyote vinasubiri neno lake. Ndiye anayewaita waigizaji. Wito wa “nusu saa” hutolewa zikiwa zimebaki dakika 35. Nikadhani nimesikia vibaya. La: waigizaji wa mwanzo wanatakiwa kuwa tayari dakika tano kabla ya pazia, basi nusu saa inahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo. Watu hawa ndio wanaotutania kuhusu saa za Kiafrika.

Jioni tukaenda Lyceum, ambako The Lion King inaonyeshwa tangu mwaka 1999. Ukumbi huo karne ya 19 msimamizi wake alikuwa Bram Stoker, aliyeandika Dracula. Taa zikazimwa, mhusika aitwaye Rafiki akapaza sauti kwa Kizulu, na wanyama wakaanza kuingia, wengine jukwaani, wengine wakipita katikati ya viti vyetu. Twiga ni mtu juu ya magongo manne, mawili ya miguu na mawili ya mikono. Wamakonde wanaocheza ngongoti wangempigia makofi kisha wakamuuliza mbona ameongeza mengine mawili. Tembo akapita karibu kabisa, mkia unayumba, masikio yanapepea. Watu wazima walikuwa wanafuta machozi. Mama Salma analia. Mimi nahesabu miguu ya waliomo ndani ya tembo.

Na haikuishia hapo. Barakoa za simba Mufasa na Scar hukaa juu ya kichwa na kushuka usoni simba akikasirika. Ni za nyuzi za kaboni, nyepesi, hazifiki nusu kilo. Kila mara Scar aliponguruma, nilikuwa natafuta mkono gani umebonyeza. Mufasa akafa. Ukumbi mzima kwikwi. Mimi nawaza: sasa hivi marehemu yuko nyuma kwenye taa za buluu, anavuliwa wigi, anaulizia chai, na koti lake linasubiri vodka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Julie Taymor, mama aliyeongoza mchezo huu na kubuni maleba yake, hakuficha kitu. Aliacha uso wa mtu uonekane chini ya uso wa simba, fimbo zinazoendesha vikaragosi zionekane, wapiga ngoma wakae pembeni mwa jukwaa mbele ya macho yako. Umeundwa, anakuonyesha kwamba umeundwa, na bado unaelea. Mama Salma alimwona mtu, akamwona na simba, akamlilia simba. Hilo ndilo fundi analopaswa kunionyesha. Hakuna aliyekuwa na haja ya kunipitisha kwenye mapipa.

Kwetu, miaka ya 1990, tulikuwa tukivifuata vikundi vya Muungano na TOT, ngoma, vichekesho na taarab mpaka usiku wa manane. Nyuma ya jukwaa mara nyingine palikuwa na kanga imetundikwa kwenye kamba, basi. Babu wa kwenye kichekesho akiingia nyuma ya kanga na kutoka kijana wa ngoma, tulishangilia watu wawili. Aliyechungulia alivutwa sikio.

Sasa mimi si mtu wa kutembea naye. Juzi tulialikwa harusi hapa Dar. MC akatangaza, vigelegele vikapaa, bibi harusi akatokea katikati ya moshi mweupe kama malaika. Nikamwonyesha Mama Salma kijana aliyechuchumaa nyuma ya chungu cha maua na mashine ya moshi. Nikamwonyesha na kinanda ambacho waya wake haujachomekwa popote. Akahamisha kiti, akakaa na mama wa Kigogo asiyemfahamu, wakaanza kulia pamoja.

Pilau ilipoletwa, nikainusa, nikataka kujua bizari imekaangwa kabla ya kitunguu au baada. Nikazunguka nyuma ya ukumbi. Mpishi, mama wa makamo, alikuwa amesimama katikati ya masufuria yake, mwiko mkononi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Umekuja kula au umekuja kukagua?”

“Kula.”

“Meza ziko mbele.”

Huyo mama atafutiwe viza, akabidhiwe funguo za West End nzima.