Tarehe Iliyopotea Mbuyuni

Waungwana wapitao Ruaha Mbuyuni, kabla basi halijaanza kuukwea mlima Kitonga, hununua vitunguu kwa shaka kubwa, wakivibonyeza na kuvinusa. Lakini hata dalali wa vitunguu hivyo, awezaye kumbaini mchuuzi laghai kwa kulitazama gunia kwa nje tu, akimpelekea fundi kompyuta mpakato yake ibadilishwe kibodi, huipokea kwa unyenyekevu wa muridi mbele ya shehe wake. Aiwasha: kioo cheusi, maandishi meupe ya Kiingereza, na amri ya kubonyeza F1. Fundi, baada ya kutafakari kwa haiba, atamka kuwa ni virusi, tena vikali, na dawa yake ni Windows mpya, kwa ujira mpya.

Laiti wangeyasoma! Maandishi hayasemi ila kwamba tarehe na saa hazijawekwa. Fundi mwenyewe, alipoifungua mashine, aliichomoa betri ndogo ya saa, aghalabu CR2032, ya volti 3 na upana wa milimita 20, ihifadhiyo majira wakati mashine imezimwa. Wala hakuirudisha sawasawa. Basi kompyuta imerudi nyuma miaka mingi, na kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti vina muda wake maalumu, intaneti nayo yaikana. Kuibana betri na kuandika tarehe ni kazi ya dakika chache, lakini dakika chache, kwa bahati mbaya, hazina ujira. Hivyo Windows mpya ikawekwa, ikalipiwa bila kunung'unika, na asubuhi yake mashine ikauliza tena tarehe, kwa adabu ile ile.