Namna ya Kukaa Dakika Kumi kutoka Mjini

Umechoka kupanga chumba Katuba. Unataka nyumba yenye ua, mwembe na lango la chuma, na bado unataka kufika kazini saa mbili kamili. Kwa mshahara wako, Lubumbashi haitakupa vyote viwili. Usihuzunike, ndugu yangu. Barabara fupi huihitaji; unahitaji hesabu nzuri. Tushike mfano wa Bel-Air, komuni ya Kampemba, maana nusu ya watu unaokutana nao kwenye harusi husema wanakaa huko.

1. Pima Jumapili. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, hata wanakwaya bado wamelala. Azima gari la shemeji. Shika barabara ya Kasenga, usisimame popote. Dakika kumi! Iandike namba hiyo, utaitumia hadi ustaafu. Usirudie kupima Jumatatu ya Januari baada ya mvua ya usiku, mashimo yakiwa yamejaa maji na hakuna anayejua kina chake. Anayepima mara mbili hajiamini.

2. Mwamini komisyoneri, dalali wa nyumba. Yeye hulipwa kwa nyumba, halipwi kwa dakika, kwa hiyo hana sababu ya kukukatisha tamaa. Muulize kama ni mbali, atasema, "Hapa tu, papa," huku anaongeza mwendo. Mkifika, anzeni mara moja kugombana na mwenye nyumba juu ya garanti, yaani amana ya kuingia. Sheria ya Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi 3. Yeye atataka 6, na kwa dola. Mtabishana mpaka jua lizame. Utashinda mwezi mmoja, utarudi nyumbani kama jenerali, na hakuna atakayekumbuka kuuliza kuhusu barabara.

3. Hesabu tairi zinapozunguka tu. Kutembea kutoka langoni hadi barabara kubwa ni mazoezi ya mwili. Kusimama ukingojea taksi-basi ni kusalimiana na majirani. Kukaa ndani ya gari lisilotoka mpaka lijae ni uvumilivu, na uvumilivu ni fadhila. Jioni dereva akikata safari vipande viwili ili alipwe mara mbili, hizo ni safari mbili fupi. Kila moja isifie peke yake. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika kwamba binadamu, awe wa kale au wa leo, hutumia takriban saa moja kwa siku kwenda na kurudi. Basi hiyo saa moja ndiyo haki yako. Zinazozidi zipe jina lingine.

4. Pigania kiti cha mbele. Hapa nikae kidogo, maana watu wengi wanakichezea. Kongo tunaendesha upande wa kulia, lakini taksi-basi nyingi ni Hiace zilizotoka Japani na usukani wao wa kulia. Dereva anakuwa kando, karibu na mtaro. Wewe abiria ndiye uko katikati ya barabara. Lori likikaa mbele yenu, yeye anaona turubai tu. Atainama kidogo na kukuuliza: "Papa, kuko gari inakuya?" Nyoosha shingo. Tazama vizuri. Sema "Pita!" kwa sauti ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Watu kumi na kitu nyuma yako wameshikilia mabegi yao na maisha yao yako mdomoni mwako. Niambie, ofisini ni nani anayekupa madaraka kama hayo? Dakika hizo usiziweke kwenye safari. Ziweke kwenye wasifu wako.

5. Mkeo akilalamika, mpe historia. Mwambie mababu walikaa karibu kabisa na kazi: kampuni ya madini, Union Minière, iliwajengea kambi, king'ora kikilia wanafika kwa miguu, na moshi wa bomba la kiwanda juu yao. Tangu 1910, mji ulipoanza kwa jina la Élisabethville, kukaa mbali na moshi kulikuwa cheo. Wazungu waliweka hata ukanda usiojengwa kati ya mji wao na mji wa Waafrika. Wao walipewa umbali bure. Sisi tunaulipia kila mwezi. Haya ni maendeleo. Akijibu (atajibu), ondoka uwahi basi.

6. Pesa ikikusukuma mbele zaidi, usibadilishe anwani. Ukiishia Ruashi, sema "Bel-Air, kidogo mbele." Ukivuka Ruashi, sema "upande wa Bel-Air." Hakuna mtu wa heshima atakayekudai namba ya nyumba.

7. Usisome utafiti. Mwaka 2008 wanauchumi wa Uswisi, Alois Stutzer na Bruno Frey, walichapisha makala kuhusu Wajerumani: wenye safari ndefu za kazini walikuwa na furaha ndogo, na wala mshahara wala nyumba nzuri haikuwafidia. Wajerumani hawana mwembe uani.

8. Jihadhari na mgeni. Huyu ndiye hatari pekee iliyobaki, kwa sababu anakuja na saa mkononi. Usimwambie dakika, mwelekeze kwa alama: duka la simenti, kanisa, nguzo iliyoinama. Akifika jasho linamtoka, usimruhusu aanze kuzungumza. Mpe maji, mpe bukari na samaki, kisha mwambie kwa upole kwamba amepitia njia mbaya. Alale kwako. Mwamshe saa kumi alfajiri, msindikize barabarani gizani, na akishafika mjini mpigie simu umuulize ametumia muda gani.