Kikao Kilichofungwa na Siafu

Kamati ya harusi huwa na mwenyekiti, katibu, mhazini, na wajumbe waliofuata chai. Siafu hawana hata mmoja wa hao, na kazi yao huisha usiku uleule.

Pande hizo mbili zilikutana sebuleni kwangu Dongobesh, wilayani Mbulu, masika yamekolea, ardhi imeloa kama wapendavyo siafu. Tulikuwa tumekwama kwenye michango: kila mjumbe anaahidi, hakuna anayetoa. Mwenyekiti alikuwa mjomba wetu wa Katesh, ambaye kila jambo la Mbulu analo bora zaidi kule chini ya Mlima Hanang.

Wa kwanza kupata taarifa alikuwa mhazini. Aliruka akajipiga paja, tukadhani bajeti imetimia. Akafuata shangazi. "Wajumbe, tuheshimu kiti!" mjomba akafoka, kisha akanyamaza ghafla, macho yamemtoka.

Watu huapa kwamba siafu hupanda kimyakimya, wakangoja amri ndipo wang'ate kwa pamoja. Amri haipo. Hata macho hawana. Kila mmoja hufuata harufu iliyoachwa na waliotangulia, na mmoja akishtuka, harufu yake huwashtua wenzake.

"Kwetu Katesh huyu tunamng'oa hivi!" Mjomba akavuta. Kiwiliwili kikaja, kichwa kikabaki gotini, taya zimeumana. Alitoka nje suruali ikiwa mkononi. Mama mkwe wangu, kwa adabu, aligeukia ukutani. Ukuta nao ulikuwa mweusi kwa siafu.

Nje, tukijikung'uta kwenye manyunyu, mwalimu wa baiolojia alipata darasa asiloliomba. Kundi kubwa la siafu, alisema, laweza kufika milioni 20. Manyara nzima, kwa sensa ya 2022, haikufikisha watu milioni 2. Siafu hawana makao ya kudumu: chakula kikipungua, wanahama na mayai yao.

"Na malkia wao ndiye anayewatuma?" mjomba akauliza.

"Hatumi mtu, mzee. Ana urefu wa sentimita 5 hivi, hana mabawa, kazi yake ni kutaga. Mayai yake kwa mwezi hupita milioni. Wanaowinda, wanaolinda, wanaobeba watoto, wote ni majike."

"Madume je?"

"Ni wale wadudu wanene wa kahawia wanaojigonga kwenye taa usiku. Dume akiifikia njia ya siafu, majike humkata mabawa, humburuta kwa malkia, na akishampanda, anakufa."

Wanaume tukatazamana. Mhazini, dada yetu asiyesahau, akafungua daftari palepale: "Mjomba, ahadi yako ilikuwa shilingi ngapi vile?"

Alilipa. Wengine nao wakalipa, wakiwa peku, mbele ya banda la kuku tulilokuwa tumelizungushia majivu ya moto ili kunusuru vifaranga. Tuliporudi ndani alfajiri, siafu walikuwa wamekwisha kupita: mende jikoni hakuna, kunguni kitandani hakuna, na wale panya wa darini waliokuwa wakikimbia juu ya vichwa vyetu usiku kucha, kimya.

Katibu alisoma muhtasari kikao kilichofuata. Michango: imekamilika. Mengineyo: siafu. Kufunga kikao: kilifungwa bila sala, mwenyekiti akiwa wa kwanza kutoka.