Shikamoo ya Juu ya Ngazi

Nilimwamkia. Hilo naomba liandikwe kwanza, kwa sababu katika maelezo yote yaliyotolewa juzi jioni mbele ya mjumbe hakuna aliyelitaja. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Mbagala liko utosini, nami niko juu ya ngazi: miguu upande wangu wa ukuta, kifua upande wa pili, mkononi brashi ya poda ya mke wangu. Jirani akatoka kwenye bafu lake la nje, lile lisilo na paa, kanga kifuani, ndoo mkononi. Tukatazamana. Nikasema, "Shikamoo, mama." Naye, kwa malezi mema aliyolelewa, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kabla hajapiga yowe lililowatoa watu mpaka kibanda cha chipsi.

Wanaopiga chabo hawaamkii. Hoja hiyo niliitoa kikaoni na haikupokewa.

Mjumbe alikaa kwenye kiti cha plastiki, daftari gotini, wazee wawili kushoto, mke wangu kulia akiitazama brashi yake iliyolazwa mezani kama kidhibiti. Watoto walikuwa wamejaa dirishani.

"Kijana, ulikuwa unatafuta nini kwenye bafu la watu?"

"Chavua, mzee."

"Ndiyo nani huyo?"

"Ni ule ungaunga wa kiume, mzee. Unaochukuliwa huku ukapakwa kwa wa kike kule."

Mzee mmoja akavuta pumzi, akasema, "Astaghfirullah." Mjumbe akaacha kuandika. Tangu hapo kila nilichosema kilizidi kunididimiza, na kijiweni kwa bodaboda nimeshapewa jina. Naitwa Bwana Poda.

Kwa kuwa kikaoni sikusikilizwa, nitaeleza hapa.

Ua la pasheni ya njano lina ratiba yake. Ndugu yake wa zambarau, yule anayependa baridi ya milimani, hufunguka alfajiri na kufika adhuhuri ameshafunga duka. Huyu wetu wa joto la pwani hufunguka mchana, jua likiwa kali kuliko wakati mwingine wowote, na ua likifunga usiku halifunguki tena. Lisipochavushwa siku hiyohiyo, linanyauka na kudondoka. Kwa hiyo wale wanaouliza kwa nini saa saba na si saa mbili asubuhi, wakati bafu ni tupu, wakaliulize ua.

Ukilichungulia (neno hilo sasa nalitumia kwa tahadhari) utaona duara la nyuzi nyeupe zilizokolea zambarau kwenye shina lake. Katikati kimesimama kinguzo. Kwenye kinguzo vimening'inia vifuko vitano vya chavua, vikitazama chini, na juu yake zaidi kuna ncha tatu za kike. Mapadre wa Kihispania waliolikuta Amerika Kusini walilisoma kuwa mahubiri: nyuzi ni taji la miba, vifuko vitano ni madonda, ncha tatu ni misumari. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaona mambo mengine kabisa. Ua linapofunguka, zile ncha tatu zimesimama wima, ziko juu, hazigusi chochote wala hazigusiki. Kisha zinaanza kuinama. Huoni mwendo wenyewe, unaona tu kwamba mwanzo hazikuwa hapo. Katika muda wa saa moja hivi zinakuwa zimeshuka mpaka zimelingana na vifuko vya kiume. Chai yangu ilipoa bila kuguswa. Na kuna maua yasiyoinamisha ncha hata kidogo. Hayo yanasimama wima mchana kutwa, na ni nadra kuzaa.

Kinachongojwa ni mgeni wa kimo maalumu. Anatua chini kunywa maji matamu, mgongo wake unasugua vifuko na kupakwa chavua, halafu akiingia kwenye ua lenye ncha zilizokwisha kuinama, mgongo uleule unaziachia mzigo. Nyuki wa asali hafai, ni mdogo mno. Anapita huko chini bila kugusa ncha, na mara nyingi amekuja kubeba chavua apeleke kwake, yaani ni mwizi. Upepo nao haufai, kwa sababu chavua yenyewe ni nzito na inanata. Anayefaa ni yule nyuki mweusi, mnene, anayetoboa mbao, yule unayemsikia akinguruma kabla hujamwona. Ua zima limejengwa kwa kipimo cha mgongo wake.

Sasa liko suala la ukoo, na hapa ndipo ngazi inapoingia. Mpasheni wa njano haukubali chavua yake wenyewe. Uipake kwa brashi, uipake kwa unyoya wa kuku, uipake kwa kidole, ua linaitambua kuwa ni ya nyumbani na kuikataa. Kata kipande cha shina ukapande pembeni: ni mmea uleule, kwa hiyo nao utakataliwa. Ukiuziwa miche kumi iliyokatwa kwenye shina moja umeuziwa ukuta wa majani, na wauzaji wengi hawakuambii. Lazima upate chavua ya mpasheni wa ukoo mwingine. Na katika eneo lote ambalo mimi ningeweza kufika, mpasheni wa ukoo mwingine ni mmoja tu, nao umetambaa juu ya bafu la jirani.

Nadhani mpaka hapa mtu mwenye nia njema ameshanielewa.

Mpasheni wangu wenyewe sikuupanda. Niliukuta nyuma ya nyumba, umezikwa chini ya majani yake makavu, mabati mabovu na tairi, umesahauliwa na mpangaji wa zamani ambaye hata majirani wamesahau sura yake. Programu ya simu iliupiga picha ikasema ni mzabibu. Nikafurahi kwa siku kadhaa, nikaanza kuzungumzia zabibu mbele za watu. Lakini mzabibu hauna vile vinundu viwili kwenye kikonyo cha jani, karibu na jani lenyewe, vinavyotoa utamu unaoita sisimizi. Jani lenye ncha tatu, vinundu viwili, sisimizi doria: hiyo ni pasheni. Ya rangi gani? Tazama vile vikono vyembamba vinavyojisokota. Vikiwa na wekundu, tunda litakuwa njano. Vikiwa kijani kitupu, tunda litakuwa zambarau. Vyangu vilikuwa na wekundu.

Na vikono hivyo navyo, jamani. Kimoja kinapapasa hewani mpaka kiguse waya, kikishagusa kinajizungusha, kisha sehemu iliyobaki inajikunja kuwa springi kuuvuta mmea karibu. Lakini kwa kuwa ncha zote mbili zimeshashikwa, haiwezi kujikunja upande mmoja tu bila kujinyonga. Kwa hiyo inafika katikati inageuza mkondo, nusu inakwenda kulia, nusu inakwenda kushoto, sawasawa na waya wa simu ya mezani ya zamani uliochezewa na mtoto. Charles Darwin aliyaandika haya mwaka 1865, kwenye makala ndefu ya mimea inayopanda. Yeye alikuwa na bustani yake mwenyewe na hakuna aliyemwita mbele ya mjumbe.

Nilipogoa kwa ukatili, kwa sababu pasheni haitoi maua kwenye tawi kuukuu, inatoa kwenye tawi jipya. Mabua yaliyokufa yalijaza mkokoteni. Mvua zikanyesha, machipukizi yakapanda waya, maua yakafunguka kwa mamia. Yakadondoka kwa mamia.

Sababu haikuwa siri. Nyuki weusi walikuwepo. Walikaa kwenye kenchi za barazani, kila jike na tundu lake la upana wa kidole, ndani ameligawa vyumba kwa ungaunga wa mbao, kila chumba yai moja na donge la chavua la kumlisha mwana. Mbao haziwi chakula chao, ni nyumba tu. Madume hayana hata mwiba wa kuuma. Yanakuzungukia usoni kwa vitisho vitupu. Nilimwandikia mwenye nyumba kumweleza hayo yote, ujumbe mrefu, wa heshima, wenye "mzee wangu" mwanzo na mwisho. Alijibu kwa kumleta fundi. Fundi akamwaga mafuta ya taa kwenye matundu, akayaziba kwa saruji, na gharama ikaongezwa kwenye kodi yangu. Nimelipa kuuliwa kwa wafanyakazi pekee waliokuwa wakijua kazi, kisha kazi yao nikaifanya mimi kwa brashi ya poda, na anayeitwa mhuni wa mtaa ni mimi.

Turudi kikaoni. Jirani, hasira zilipotulia, aliuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia: "Kama huyo baba katoka kwangu, watoto ni wa nani?" Maana wakati huo vitunda vichache vya kijani vilikuwa vimeshashika kutokana na kazi yangu ya awali, iliyofanyika bafu likiwa tupu. Wazee waliamka. Wakajadili mahari, wakajadili matunzo, mmoja akataka kujua kama kulikuwa na posa. Mjumbe akaamua hivi: matunda yaivapo, katika kila kumi, manne yaende upande wa pili wa ukuta, na kuanzia sasa nibishe hodi mlangoni, nami nitapewa maua yaliyochumwa kwenye kisahani. Ni uamuzi wa busara kuliko inavyosikika. Ua linalotoa chavua linaweza kuchumwa na kusuguliwa moja kwa moja, na brashi imerudi kwa mwenyewe, ambaye ameitupa.

Mimea mingine iliyokuwa imesahauliwa nyuma ya nyumba nitaimaliza haraka. Ule niliodhani ni tango ulikuwa dodoki, na tulikuwa tumeshakata saladi. Ule wenye mbegu nzuri nyekundu za jicho jeusi ulikuwa mtipitipi. Mbegu moja iliyotafunwa inaweza kuua, nikaung'oa siku hiyohiyo. Wa mwisho ulikuwa upupu. Sitaki kuuzungumzia.

Kelele za kikao zilimfikia mwenye nyumba. Amekuja, amesimama chini ya waya, amehesabu vitunda kwa kidole, akaniuliza nani aliniruhusu kupanda. Nikamwambia sikupanda, nimeokoa. Akatoa mkataba: mpangaji haruhusiwi kupanda mti wa kudumu. Sheria hiyo naielewa asili yake. Huku pwani mwenye shamba atakuacha ulime mchicha na mihogo mpaka uzeeke, lakini siku utakayotia mnazi ardhini mmegombana, kwa kuwa mnazi ni madai, na unaweza kuwa wako hata kama ardhi si yako. Lakini pasheni? Mmea unaoishi miaka michache, unaoshikwa na waya nilioununua mimi? Analipwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, anaziba nyuki kwa pesa yangu, kisha anageuza jasho langu kuwa sifa ya nyumba yake, na mkataba ukiisha kodi inapanda "kwa sababu kuna bustani." Alipoiita bustani nilikosa la kusema. Mwaka jana aliiita jalala.

Tangu kuchavushwa mpaka kuiva, pasheni ya njano huchukua miezi miwili na ushei. Mkataba wangu unakwisha kabla. Nimemwomba mwezi mmoja wa nyongeza, yaive tu, nilipe na deni la jirani. Akasema nionane na dalali. Nimeonana na dalali. Anataka ada yake ya kodi ya mwezi mzima, na leo asubuhi, nikiwa bado nimeshika kisahani, amepita na wateja kuwaonyesha nyumba. Nimemsikia akiwaambia, "Na pasheni mnazo humuhumu, hakuna kazi yoyote, zinajizalia zenyewe."